Mdomo wa Lerevin

Watu wa Netavur, kule milimani katika kisiwa cha Malekula, wana sauti moja ambayo majirani zao wote wameikosa, na majivuno yao kwa sauti hiyo hayana kipimo. Ncha ya ulimi inatoka nje, inapanda, inaugusa mdomo wa juu, kisha inaachia. Basi, hakuna zaidi. Haina herufi. Ukiiandika kwa m umekosea, ukiiandika kwa n umekosea zaidi, na wakati wa vita vya Ravuv kosa hilo lilikuwa linamtoa mtu roho. Neno la ndege kwa lugha yao linaanza na sauti hiyo. La jicho pia.

Watu wa Matanlo, pwani, lugha yao ni hiyo hiyo, na bibi zao walitamka hivyo hivyo. Halafu akaja mwalimu wa misheni kutoka kisiwa kingine, mtu wa suruali na fimbo, akaona watoto wanamtolea ulimi darasani. Hakuuliza kwa nini. Aliwachapa midomoni kwa ubapa wa fimbo, asubuhi na mchana, mpaka ulimi ukajifunza kukaa nyuma ya meno, na watoto hao walipokuja kuzaa hawakuwa na cha kuwarithisha wanao. Ndege akawa nanu. Watu wa mlimani wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Ulimi wa Matanlo mwali," walisema, "hautoki nje mpaka utolewe mahari."

Vita vilipoanza kicheko kikakoma. Ukungu wa mlimani haukuoneshi hata mkono wako mwenyewe, kwa hiyo mlinzi wa lango la Netavur hakuuliza jina wala ukoo. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ndege anaitwaje?" Aliyejibu kama wao aliinuliwa gogo lililofunga lango akaingia. Aliyejibu nanu alipigwa risasi kupitia tundu la ukuta, na hakuna aliyetoka kumtazama sura mpaka ukungu uondoke. Wala huwezi kumjibia mwenzako. Kila mtu na mdomo wake, ndivyo walivyosema, na walikuwa wakaidi kwa hilo kama walivyo wakaidi kwa kila kitu.

Vijana wa Matanlo walijaribu kujifunza. Walikaa katika nyumba ya wanaume wakitoleana ndimi kama mijusi, wakisahihishana, kila mmoja akijiona fundi. Mmoja wao, aliyejiamini kuliko wote, akapanda kujaribu. Walimwokota siku ya pili yake bondeni, taya moja halipo.

Lerevin alizaliwa ndani ya lango hilo. Alikuwa dada wa Tapvan, mkuu wa walinzi, tumbo moja. Alipochumbiwa na Maltok wa Matanlo, enzi za amani, baba yake aliua nguruwe dume watatu wenye meno yaliyojikunja, na akina mama wakamlaza chini, wakamshika mikono na miguu, wakamng'oa meno mawili ya mbele ya juu kwa kijiti na jiwe, kama anavyostahili binti wa mtu mkubwa. Hakulia. Kule kutolia kwake kulisifiwa mlimani kote. Pwani hakuna aliyemsifu. Mama mkwe aliliita pengo lake tundu la panya.

Lakini sauti ya kwao haihitaji meno, inahitaji mdomo, na Lerevin aliendelea kumwita ndege kama alivyoitwa kwao. Binti yake Limasi alipoanza kusema, alimfundisha shambani, katikati ya viazi vikuu, mbali na masikio ya wakubwa. "Ulimi juu, mwanangu. Ubusu mdomo, uachie." Mtoto akaiweza upesi kuliko alivyotegemea. Siku mama mkwe alipoisikia, alimpiga mtoto mdomoni kwa kijiti cha kupindulia mawe ya jiko, kikiwa bado cha moto, kisha akamgeukia mama mtu akampa yake. Tangu siku hiyo Limasi alikuwa na ndege wawili, wa nyumbani na wa shambani, na hakuwahi kuwachanganya.

Sasa Ravuv. Ravuv alikuwa kaka mkubwa wa Maltok, na kabla ya vita alikuwa mtu wa utani, mtu wa kukuchekesha ukiwa msibani. Kisha watu wa Netavur wakamvizia mwanawe wa kwanza kijitoni kwa ugomvi wa nguruwe ambao hata hakuwa wake. Walimpiga marungu, wakaubeba mwili juu, na hawakuurudisha. Ravuv alipanda mpaka chini ya ukuta, bila silaha, akiomba apewe hata mifupa. Walimuuliza ndege anaitwaje. Alirudi na tundu la risasi begani, na utani wake uliishia hapo.

Asubuhi moja, kabla jua halijapata nguvu, alimkuta Lerevin akichochea moto nje ya jiko.

"Shemeji, acha hicho. Tunakwenda kwenu."

Lerevin aliinua uso. Nyuma ya Ravuv walisimama wanaume kama kumi, nyuso wamezipaka masizi, wana marungu na zile bunduki kuukuu za baruti. Maltok alikuwa miongoni mwao.

"Kwetu kufanya nini, shemeji?"

"Kuwasalimia."

Mmoja alicheka. Ravuv hakucheka.

"Utasimama mbele ya lango," alisema. "Kaka yako atauliza analouliza siku zote. Utamjibu. Akishainua gogo, wewe kazi yako imekwisha, kaa pembeni."

"Mle ndani kuna watoto, shemeji. Mama yangu yumo, hata kutembea hawezi."

"Na mwanangu alikuwa nani? Jiwe?"

"Mimi sikumuua mwanao. Nilimlilia. Uliniona."

"Nilikuona," alisema Ravuv, na kwa kitambo sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Ndiyo maana nakuomba. Wengine walitaka tukukate mdomo tuubebe peke yake."

"Nikikataa?"

Ravuv aliinama akaingia ndani, akatoka na Limasi begani, mtoto bado ana usingizi, mikono imemning'inia. "Huyu anapanda na mimi. Ukisema vibaya, huu mkono wangu sitaujua unafanya nini. Wala usifikiri utanichezea. Ulimi wangu ulifia darasani, masikio hayakufa. Bibi yangu alinibembeleza kwa sauti hiyo. Ukiikosea hata kidogo, nitajua kabla kaka yako hajajua."

Lerevin alimtazama mumewe. "Baba Limasi?"

Maltok alikuwa anachunguza bunduki yake ambayo haikuwa na cha kuchunguzwa. "Fanya anavyosema, mama. Haya mambo yataisha."

"Yataisha," alisema Lerevin. "Na wewe utabaki unaangalia bunduki."

Walipanda. Njia ya Netavur haina huruma, ni udongo mwekundu unaoteleza na mizizi, na mvua ya usiku ilikuwa imeifanya sabuni. Lerevin alitangulia. Nyuma yake alisikia Limasi ameamka, anamuuliza baba yake mkubwa wanakwenda wapi, na Ravuv akimjibu kwa upole kwamba wanakwenda kwa mjomba. Upole ule ulimtia hofu kuliko marungu yote.

Alijua vizuri alichowekewa mbele. Akisema sawasawa, gogo litainuliwa, na hawa watu wataingia kwa Tapvan, kwa wake zake, kwa mama yake aliyelala karibu na moto, na hawataacha kinachopumua. Akisema vibaya, Limasi atavunjwa shingo mbele ya macho yake. Alilipima hilo kila hatua, huku na huku, na kila alikopima kulikuwa na maiti. Alimchukia Ravuv. Alimchukia na Tapvan pia, kwa ule mwili usiorudishwa, maana kama angeurudisha haya yasingekuwepo. Akamchukia mwalimu wa misheni aliyekwisha kufa zamani.

Karibu na kijito cha juu wazo likamjia, na lilikuja likiwa limekamilika. Mdomo ukipasuka, hausemi. Mtu akianguka njiani akapasuka mdomo, nani wa kulaumiwa? Mtu haui mtoto kwa sababu mama yake ameteleza. Watatukana, watamwita mzembe, watarudi pwani kupanga lingine, na Limasi atarudi nao mzima. Mdomo ni wake. Alikwisha kutoa meno kwa ajili ya ndoa hii, atatoa na mdomo.

Pale kijitoni kuna mawe meusi yenye makali. Lerevin alichagua moja kwa macho, akaacha mguu uende, mikono akaifungia tumboni isimkinge, akaangukia uso.

Maumivu yalimfikia hadi masikioni. Alilala pale, maji yakimpita shingoni, akapitisha ulimi juu kuukagua mdomo. Ulikuwepo. Mzima. Lile pengo la heshima ndilo lililomsaliti: pasipo meno ya kuupokea, mdomo uliingia ndani tu kama mto wa kulalia, jiwe likauchubua kidogo, basi. Nguruwe watatu wa baba yake, na leo faida yake ni hii. Alitaka kucheka na kulia.

"Wanawake wa mlimani hao!" mtu alisema nyuma. "Hata kwao wamesahau kukanyaga."

"Mpe mkono mkeo, Maltok. Au nawe unaogopa kuteleza?"

Alisikia miguu ya Maltok ikiingia majini. Alijua mtu hatelezi mara mbili akiwa amekwisha kulala chini. Alijua vilevile kwamba kama ataupokea mkono ule, atainuka na mdomo mzima, na utasema. Basi akaushika ukingo wa jiwe kwa mikono yote miwili, akautafuta ule upande ulio kama shoka, akaupigiza uso hapo. Kisha tena. Mara ya tatu alisikia kitu kikiachia, na mdomo wa juu ukafunguka hadi puani.

"Anajiua! Mshikeni!"

Ravuv ndiye aliyemfikia kwanza. Alimshika nywele akamgeuza, akauona uso. Wanaume walikusanyika, mmoja wao, aliyekuwa amekwisha kuua watu wawili katika vita hivyo, aligeuka akatapika.

"Umefanya makusudi," alisema Ravuv polepole, kama mtu anayejifafanulia. "Umefanya makusudi. Hebu sema. Sema ndege."

Lerevin alitoa upepo na damu.

"Shenzi!" Ravuv alimpiga teke la mbavu, akampiga na la pili. "Nimekuomba! Nimekuomba kama ndugu! Mwanangu ameliwa na funza, mpaka leo sijui wapi, na wewe unawafichia!" Aliliinua rungu kwa mikono miwili.

"Kaka," alisema Maltok. "Kaka, yatosha."

"Nyamaza wewe, au nianze na wewe."

Limasi alikuwa ameachwa ukingoni. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Alikuja mbio majini, akamshika Ravuv mguu, akalia kwa sauti iliyokatakata. "Baba mkubwa, usimpige mama! Mama mdomo umeharibika! Mimi najua! Mimi najua kusema!"

Rungu lilibaki juu.

"Unajua kusema nini?"

"Ndege. Unataka ndege yupi? Wa nyumbani au wa shambani?"

"Wa shambani," alisema Ravuv, na hakuwa amemwelewa hata kidogo.

Limasi alifuta makamasi kwa kiwiko. Akatoa ulimi, akaupandisha, akaubusu mdomo wa juu, akaachia. Ilitoka safi, mviringo, kama inavyotoka kwa vikongwe wa Netavur wanapoita wajukuu.

Rungu lilishuka lenyewe. Uso wa Ravuv ulilegea, macho yakamjaa maji, na Lerevin akiwa amelala pale aliona waziwazi kwamba mtu huyu amemsikia bibi yake.

"Sema tena," alinong'ona.

Mtoto akasema tena.

"Nani amekufundisha?"

"Mama!" alisema Limasi kwa fahari, akamtazama mama yake apate kusifiwa.

Lerevin alitikisa kichwa. Alitikisa kichwa na kupiga maji kwa mikono na kujaribu kusema hapana, na kilichotoka hakikuwa neno la lugha yoyote. Walimfunga mikono kwa nyuzi za ukindu, wakamfunga mdomo uliobaki kwa utepe wa mkeka, wakamwinua. Limasi alishikwa mkono. Alikuwa ameacha kulia. Kwa mawazo yake amekwisha kumwokoa mama.

Ukungu uliwapokea juu ya kijito. Walitembea bila sauti sasa, mmoja nyuma ya mwingine, na Ravuv alimnong'oneza mtoto njia nzima.

"Utasema umepotea. Unamtaka mjomba Tapvan. Atauliza ndege, utamwambia yule wa shambani."

"Halafu mtamfungua mama?"

"Tutamfungua."

"Halafu baba mkubwa hutampiga tena?"

"Sitampiga tena."

Hakudanganya. Aliyekuwa anangoja kumpiga alikuwa mwingine, yule aliyetapika.

Mbele ya lango la Netavur njia inanyooka kidogo, ukuta wa mawe na matete mbele, matete marefu kushoto na kulia, na nyuma kidogo mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia. Wanaume walijigawa ndani ya matete. Ravuv alilala karibu na lango kuliko wote, kisu mkononi. Maltok aliachwa nyuma ya mti na mkewe, kiganja chake juu ya utepe wa mkeka, utepe ambao damu ilikuwa imekwisha kuulowesha ukawa mlaini. Limasi alisukumwa kidogo mgongoni, akatembea peke yake hadi mbele ya gogo.

"Mjomba," aliita. "Mjomba Tapvan."

Ndani bunduki zililia kwa kutayarishwa. "Nani?"

Lerevin hakuwa ameisikia sauti ya kaka yake tangu vita vianze. Ilikuwa imezeeka.

"Mimi. Nimepotea."

"Ndege anaitwaje?"

Limasi akasema. Tapvan akacheka, kicheko cha mtu aliyekesha nje kwa baridi. "Jamani, ni kitoto! Hebu, mama, jicho linaitwaje?"

Limasi akasema na jicho.

"Wa wapi huyu? Anasema kuliko hata wanangu. Ngoja, mama, ngoja nikufungulie, usiogope."

Gogo likaanza kukwaruza, na ukungu ukawa mwembamba kidogo njiani. Lerevin aliwaona wanaume ndani ya matete wakijikunja. Aliona njia watakayopita, na mwanawe amesimama katikati ya njia hiyo, mdogo, mikono ameishika nyuma. Wakikimbia watampita juu. Na wakishampita, huko ndani.

Alimgeukia Maltok. Hakuwa na cha kusema naye isipokuwa macho. Maltok alikuwa anamtazama mtoto, mkono wake ukiwa juu ya mdomo wa mkewe. Kisha mkono haukuwepo. Lerevin hakujua kama aliuachia au uliteleza kwa damu, na hakupata nafasi ya kujua. Alisugua shavu kwenye gome la mti, utepe ukashuka shingoni.

Alikumbuka kwamba walinzi wa kwao hulenga sauti, kifuani mwa mtu mzima. Limasi alimfikia yeye kiunoni. Akapanda juu ya mzizi mnene ili awe mrefu zaidi, akavuta pumzi yote aliyoweza, akapiga kelele ile sauti pekee iliyobaki kwake, ya ulimi nyuma, ile aliyoikataa miaka yote ya ndoa hata alipochapwa.

"Nanu! Nanu! Nanu!"

Ukuta mzima ulilipuka. Risasi zilipita juu ya kichwa cha mtoto, zikachana matete, zikaingia mtini. Moja ilimpiga Maltok shingoni akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka. Moja ilimpiga Lerevin chini ya titi, akatoka juu ya mzizi akaanguka chali. Hakuhisi kitu kwanza. Alikuwa anaangalia lango. Aliona mkono ukitoka chini ya gogo lililoinuliwa nusu, ukamdaka Limasi kifundo cha mguu, ukamvuta ndani mzimamzima, mtoto akipiga mayowe.

Ravuv aliwahi kufika. Alijirusha chini ya gogo, kisu mbele, na nusu yake ikaingia. Walio ndani wakaliachia gogo. Alilia kwa muda, jina la mwanawe na si jingine, mpaka marungu ya ndani yakamnyamazisha. Waliokuwa kwenye matete walisimama kufyatua bunduki zao, baruti imelowa, na watu wa Netavur wakaruka ukuta wakawaingilia. Hilo halikuwa pigano. Walivunja mikono iliyoinuliwa, wakavunja na vichwa vilivyokuwa nyuma ya mikono. Aliyetapika kijitoni alikimbia hatua chache akiomba kwa jina la misheni. Wachache walijiviringisha bondeni wakapona.

Ukungu ulianza kupanda. Walinzi walipita katikati ya walioanguka, rungu mkononi, wakiuliza kila aliyekuwa anapumua. Ndege anaitwaje? Nanu. Rungu. Ndege anaitwaje? Huyu wa pili hakujibu kabisa, akapigwa vilevile.

Lerevin aliona miguu ikisimama karibu na kichwa chake. Aliijua ile miguu, kidole kikubwa cha kushoto kilichopinda tangu utotoni.

"Na huku kuna mwanamke," alisema Tapvan. "Ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Wewe, ndege anaitwaje?"

Mikono ya Lerevin ilikuwa imefungwa mgongoni, chini yake. Alimtazama. Damu na tope vilikuwa vimemfanya asiwe mtu yeyote. Alifungua kilichokuwa mdomo na sauti ikatoka ya pwani, maana hakukuwa na nyingine.

Tapvan akainua rungu.

"Tapvan!" Mkewe alikuwa anaita kutoka langoni, sauti ya juu. "Tapvan, huyu mtoto anasema ni wa Lerevin! Anasema mama yake yuko huko nje, mdomo wake umeharibika!"

Rungu lilianguka kando. Tapvan alipiga magoti akaufuta uso kwa kiganja, akafuta tena, akaona macho. Alitoa mlio ambao wenzake hawakuwahi kuusikia kwake.

"Dada. Dada yangu. Nani amekufanya hivi?"

Walinzi wengine walikuwa wamewazunguka, wanahema, damu za watu mikononi. Hakuna aliyeinama kumsaidia kumbeba.

"Amekuja nao," alisema mmoja.

"Amefungwa mikono, hamuoni?"

"Tunaona. Mtoto wake ndiye aliyetufungulisha lango. Nani alimfundisha mtoto? Na huyu ametuita kwa nanu. Umemsikia mwenyewe, Tapvan, sote tumesikia. Pwani wamekwisha kumgeuza."

"Ni dada yangu!"

"Basi aseme. Kila mtu na mdomo wake. Si ni sheria yako?"

Tapvan aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameua watu kwa sheria hiyo, baadhi yao wakiomba mifupa ya watoto wao, na wote waliosimama pale walikuwa wanajua. Aliinama akakiweka kichwa cha dada yake mapajani.

"Sema, dada," alibembeleza, machozi yanamdondokea usoni. "Wasikie wewe ni wetu nikuingize ndani kwa mama. Mara moja tu. Kidogo tu. Ndege."

Lerevin alitaka kumwuliza kama Limasi ameumia. Lakini aliona anavyomngoja, na tangu wakiwa watoto hakuwahi kuweza kumnyima kitu. Alitoa ulimi. Aliupandisha polepole, ukapita palipokuwa na mdomo wa juu, ukatafuta kushoto, ukatafuta kulia, na haukupata cha kugusa.